Siasa kwenye kundi la mtaa, Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kundi hili ni la nani, na anayejibu hapa ni nani?

Ni kundi la WhatsApp la watu wa mtaa mmoja wa komini ya Katuba, sehemu ya mji wa Lubumbashi, Kongo, pamoja na wale waliohama lakini bado wanataka kujua nani ameoa na nani amefiwa. Wako Kolwezi, wako Kinshasa, wengine Ubelgiji. Lilianza kwa mambo ya kilio na likelemba, yaani upatu: mchango unapelekwa kwa nani, zamu ya mwezi huu ni ya nani, maji yamerudi au bado. Siasa iliingia yenyewe, kama paka anavyoingia jikoni. Wasimamizi tuko wanne. Mimi ni mmoja wao, niliyechoka kujibu maswali yaleyale kwa faragha saa sita za usiku.

Si mngekataza siasa tu, tubaki na kilio na likelemba?

Tulijaribu. Mwaka 2023, uchaguzi wa Desemba 20 ulipokaribia, tuliandika kwa herufi kubwa SIASA MARUFUKU. Katazo halikumaliza wiki mbili. Mama mmoja aliandika kwamba gunia la makala, yaani mkaa, limepanda bei tena. Mwenzake akamjibu kwamba barabara ya kuleta makala imekufa. Wa tatu akauliza barabara ni kazi ya nani. Sasa msimamizi akate wapi? Makala ni jiko, jiko linataka barabara, na barabara ina gavana wake.

Kuna na jambo la pili ambalo hatukulitazamia. Waliotii katazo ni wale wapole. Wenye maneno makali walifungua kundi lao la pembeni, ambako hakuna wa kuwapinga, kisha wakawa wanarudi kwetu na maneno yaliyokwisha kuivia huko. Tangu siku hizo naona ni heri mtu wa UDPS, mtu wa Ensemble na mtu wa PPRD, vyama vitatu visivyoelewana, wasomane kila siku mahali palepale wanapochangia jeneza, kuliko kila mmoja akae na wa kwake.

Mji huu unajua kubishana. Tangu miaka ya 1990 wako wabunge wa kusimama, wale wanaokusanyika mbele ya meza za magazeti, wanasoma vichwa vya habari bila kununua, wanagombana mpaka jua linazama. Pale mtu akizidisha, wenzake wanamzomea na yeye anaziona nyuso zao. Kwenye simu uso hauonekani.

Basi mpaka uko wapi?

Kwenye neno “kwenu”.

Neno hili lina nyuso mbili. “Kwenu hawajambo?” ni salamu, nimeipokea leo asubuhi mara tatu. “Rudi kwenu” ni kitu kingine kabisa. Ukisema chama chako kimeiba, gavana wako hafai, mgombea wako hawezi kusoma bajeti, tunakuacha uendelee. Maneno yakihama kutoka “chama chako” yakaingia “kwenu”, hapo tunaingia na sisi, hata kama hakuna tusi lililotamkwa.

Anayeona tunakuza mambo amuulize mtu yeyote wa hapa mwenye miaka zaidi ya 45. Agosti 15, 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa ukikaa Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Akachukua nafasi ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, mkoa uliokuwa ukiitwa Shaba wakati ule. Kwa karatasi ulikuwa ugomvi wa vyama viwili, UDPS ya Tshisekedi na UFERI ya Nguz. Baada ya muda mfupi ukawa ugomvi wa nyumba na nyumba. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na vijana wa UFERI walihubiri kwamba Wakasai waondoke. Watu waliozaliwa hapa, ambao babu zao waliletwa na kampuni ya madini ya Union Minière kufanya kazi ya shaba, wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Likasi, halafu Kolwezi mwaka 1993, familia zililala stesheni wiki kwa wiki zikingoja treni. Walioondoka walikuwa mamia ya maelfu, na wako wengi waliofia njiani. Simu ya mkononi hapakuwa na mwenye nayo mtaani. Redio, mikutano na midomo vilitosha.

Kwa hiyo siwezi kumuuliza mtu ametoka wapi?

Unaweza. Watu wakitaniana juu ya bukari, yaani ugali, ya unga wa mahindi peke yake na ile iliyochanganywa na muhogo, tunacheka pamoja nao, na mimi nina msimamo wangu katika jambo hilo. Utani una sharti lake: anayetaniwa ana haki ya kurudisha, na anarudisha. Akinyamaza, utani umekwisha, acha.

Tazama pia swali linakuja lini. Mtu ameandika kwamba hospitali haina dawa, na wewe unamjibu, “Jina lako hili ni la wapi?” Hapo hukuuliza kitu. Umemfukuza kwa adabu.

Niliona mzee aliyesimulia mambo ya 1992 akiondolewa. Ni haki?

Haikuwa haki, na aliyemwondoa ni mimi.

Nilikuwa ndani ya basi, nimesimama, simu mkono mmoja. Nikaona neno “bilulu” kwenye mstari wa kwanza wa ujumbe mrefu. Sikungoja. Nikafuta, nikamtoa mwenye ujumbe, nikarudisha simu mfukoni nikijiona nimefanya kazi. Jioni wakaanza kunipigia. Aliyeandika ni mwalimu mstaafu. Alikuwa anawasimulia vijana jinsi yeye, mke wake na watoto wawili walivyopanda behewa la mizigo, wakapita Tenke, wakapita Kamina, mpaka Mwene-Ditu, na jinsi alivyorudi Lubumbashi miaka baadaye akakuta mlango wake una kufuli la mtu mwingine. Neno lile alilitaja kwa sababu yeye ndiye aliyetupiwa.

Jumapili nilienda kwake kwa miguu. Alinisikiliza, akamimina chai, akauliza jambo moja tu: “Ulifika mstari wa ngapi?” Nikamwambia wa kwanza. Akasogeza sukari upande wangu.

Tangu hapo hatuna orodha ya maneno yaliyokatazwa. Wako wanaotushauri tuwe nayo, ati itarahisisha kazi. Orodha ingemfuta mwalimu na kumwacha yule anayeandika “wageni wetu wapendwa waanze kufunga mizigo” kwa Kiswahili safi kabisa. Ujumbe unasomwa wote, na aliye ndani ya basi anangoja ashuke.

Naweza kumsema vibaya mwanasiasa?

Ndiyo. Rais, gavana, mbunge, waliotangulia na wanaotamani kuja. Kazi wameitafuta wenyewe. Tunachofuta ni kumtukana mama yake, kuzungumzia ugonjwa wake, na picha zilizotengenezwa kumvua nguo. Stika zimezidi, lakini tumekata tamaa nazo.

Kuvumiliana maana yake ni kukubali kila anachosema mwenzangu?

Ungekuwa unakikubali usingehitaji uvumilivu. Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Marekani, Samuel Stouffer, alitoa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika wakati nchi yake ilipokuwa na hofu kubwa ya ukomunisti. Hakuwauliza watu kama wanapenda uhuru, maana kila mtu angesema ndiyo. Aliwauliza kama mkomunisti aruhusiwe kuhutubia katika mji wao, na kama kitabu chake kibaki kwenye maktaba. Wengi walikataa. Ndiyo njia ninayotumia hata kwangu: nikisoma ujumbe wa mtu wa chama nisichokipenda, najiuliza kama ningeufuta ungetoka kwa wa kwetu.

Na kwa kuwa kila mwezi kuna anayetuletea maneno ya Voltaire, kwamba sikubaliani na unachosema lakini nitatetea mpaka kufa haki yako ya kukisema: Voltaire hakuyaandika. Aliyeyaandika ni Mwingereza Evelyn Beatrice Hall, mwaka 1906, akieleza msimamo wa Voltaire aliyefariki mwaka 1778. Maneno ni mazuri, lakini nayo ni ujumbe uliosambazwa mara nyingi bila mtu kuuliza umetoka wapi.

Katiba inanipa uhuru wa kusema. Ninyi ni nani mnifutie?

Kifungu cha 23 cha Katiba ya Februari 18, 2006 kinakupa uhuru huo, na kifungu hichohicho kinataja kuheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Kinailenga serikali. Sisi hatuwezi kukufunga mdomo. Ukitoka hapa una kundi lingine, una baraza la nyumba yako. Kundi hili ni kama uwanja wa nyumba ya mtu: unakaribishwa kwenye kiti, lakini huchomi kiti.

Ila wewe pia ujue sheria inayokuhusu. Tangu Juni 7, 1966 nchi hii ina sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, kwa maneno, maandishi, picha au ishara. Na tangu Machi 13, 2023 iko Sheria ya Mambo ya Kidijitali. Kifungu chake cha 360 kinasema anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwenye mitandao anaweza kufungwa mwezi 1 hadi miezi 6, au kutozwa faini, au yote mawili. Angalia vizuri neno “kusambaza”. “Mimi nimetuma tu kama nilivyopokea” si kinga. Mimi binafsi naona kifungu hicho ni kipana mno, na mwenye mamlaka aliyekasirika anaweza kukitumia dhidi ya mwandishi wa habari au raia anayelalamika. Maoni yangu hayatakusaidia mbele ya hakimu.

Video za vita vya mashariki mnazifuta kwa nini? Mnaficha ukweli?

Hapa ndipo tunapochoka kuliko mahali pengine popote. Januari 2025 Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, na Februari Bukavu ikafuata, simu zilijaa. Watu wa mtaa wetu wana ndugu kule. Wengine walikaa siku nyingi bila kuwapata. Katikati ya habari za kweli zilipita maiti za vita vya nchi nyingine, milipuko ya miaka iliyopita, sauti za watu wasiojitaja majina wakisema adui ameshafika Kalemie.

Siku ya tatu mtu akaweka picha ya mama wa mtaa, jirani anayeuza sombe (kisamvu), mzaliwa wa Masisi, kulekule mashariki, na chini yake maneno manne: “Huyu naye tumwangalie vizuri.” Hakuna tusi hapo. Tulifuta baada ya dakika nne, lakini dakika nne ni nyingi, na picha ilikuwa imekwisha kuvuka kwenda makundi mengine. Jioni ile wanaume wawili wa chama cha upinzani na mmoja wa chama tawala walikwenda kukaa mbele ya nyumba yake mpaka saa tano. Aliyeweka picha hajarudi kwenye kundi na hatarudi.

Kwa hiyo: ukileta video, andika imepigwa wapi, lini, na umeipata kwa nani. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. WhatsApp yenyewe, tangu Aprili 2020, inauruhusu ujumbe wa namna hiyo kwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja, na watu wanakaa usiku wakibofya mojamoja. Tafuta kwanza Radio Okapi wamesemaje. Wana habari za Kiswahili tangu 2002. Maiti haziwekwi hapa hata kama ni za kweli, maana huenda ni mtoto wa mtu aliye kwenye kundi hili.

Kwa nini odio, yaani ujumbe wa sauti, isizidi dakika mbili?

Kwa sababu hasira inapenda odio, na msimamizi hawezi kuiangalia juu juu kama maandishi. Lazima aisikilize yote, kwa mega (data) zake mwenyewe. Mama wa miaka 70 asiyeandika tunamwachia aongee anavyotaka.

Mzee fulani anavunja kanuni kila siku na hamumgusi. Kwa nini?

Tunamgusa, ila huoni. Kijana wa miaka 26 hawezi kuandika mbele ya watu 400, “Papa, ujumbe wako umefutwa kwa kukosa adabu.” Akiandika hivyo, kundi lote litasahau kosa la mzee na kujadili kosa la kijana. Msimamizi mwenzetu, mama wa miaka 61, ndiye anayempigia. “Jambo Papa, mulilala muzuri?” Wanaongea kwanza habari za wajukuu, za miguu inayouma, ndipo anafika kwenye jambo lenyewe. Mara nyingi mzee anafuta mwenyewe. Mara mbili alikataa, na mara hizo tulifuta sisi, tukamwambia mtoto wake wa kwanza.

Ni kweli kwamba kijana haongeleshwi kwa upole kiasi hicho. Vijana wamelalamika, na wana haki. Bado tunagombana juu ya hilo.

Msimamizi mmoja anajulikana ana kadi ya chama. Atakuwaje mwamuzi?

Wawili kati yetu wana kadi, za vyama viwili tofauti, na tuliwachagua tukijua. Msimamizi asiye na upande hatukumpata; tulichopata ni wasimamizi wasiopendana sana. Hakuna anayemwondoa mtu peke yake tangu yale niliyoyafanya ndani ya basi. Kufuta ujumbe, mmoja anatosha. Kumwondoa mtu, wawili, na mmoja wao asiwe wa upande unaolalamika. Kila tulichofuta tunakiandika kwenye daftari la shule la kurasa 96: tarehe, sababu, nani alifuta. Daftari liko kwangu, na mwanachama yeyote anaweza kuja kulisoma. Waliowahi kuja ni watatu, na mmoja alikuja kwa sababu alisikia kuna soda.

Kwa nini siku nyingine kundi linafungwa?

Tunalifunga kati ya saa nne za usiku na saa kumi na mbili asubuhi pale mambo yanapowaka, ili wasimamizi peke yao waweze kuandika. Kwa kawaida ni usiku mmoja. Septemba 30, 2025, mahakama ya juu ya kijeshi ilipomhukumu rais wa zamani Joseph Kabila adhabu ya kifo bila yeye kuwepo, tulifunga usiku tatu mfululizo.

Kuna na siku tunazozijua kwenye kalenda. Januari 17, siku Lumumba alipouawa mwaka 1961, karibu na hapa, Shilatembo. Julai 11, siku Moïse Tshombe alipoitenga Katanga na Kongo mwaka 1960. Kwa mmoja ni siku ya aibu, kwa mwingine babu yake alikuwa jandarme, yaani askari, wa Katanga na picha yake bado iko ukutani. Siku hizo hatufungi. Tunamwomba yule mwalimu aanze yeye kuandika asubuhi, na wengi wanaona haya kumfuata na matusi.

Tusichotaka ni kufanana na wale wanaozima kila kitu. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya kura, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku karibu 20. Uvumi haukukatika hata saa moja. Radio ya barabarani haihitaji mtandao.

Nikipiga picha ya skrini na kuipeleka nje?

Hatuwezi kukuzuia. Ukimletea mtu polisi kwa picha hiyo kwa sababu ya maoni yake, utatoka, na wote wataambiwa kwa nini.

Nimeondolewa. Narudije?

Piga simu kwa msimamizi yeyote, usitume mjumbe. Ngoja siku saba. Kama ulimkosea mtu kwa jina, unakwenda kwake kwanza. Sisi hatuombi msamaha kwa niaba yako, wala hatukulazimishi kuuomba mbele ya wote, maana kumwaibisha mtu hadharani kunazaa kisasi. Ukirudi, hatutangazi. Unaonekana tu siku moja umeandika, “Maji yametoka upande wenu?”, na watu wanakujibu.

Ukiwa na kilio kabla ya siku saba kwisha, mchango wako unakusanywa kama wa mtu mwingine yeyote. Tumekwisha kufanya hivyo mara moja, kwa mtu aliyekuwa ametuita sisi wanne vibaraka.

Naweza kumwingiza rafiki?

Leta namba yake kwa msimamizi. Nafasi ziko nyingi, WhatsApp inaruhusu watu 1,024. Akiingia aandike jina lake na avenyu anayokaa, au aliyokuwa akikaa. Asili hatuulizi, akiitaja mwenyewe hatufuti. Na wiki ya kwanza asianze na odio.